Namna ya Kuwatenganisha Waandishi Wenye Jina Moja la Ukoo na Mada Walizoandikia

Ukiandika "Diop" katika katalogi ya maktaba kubwa, utaletewa kwa mkupuo mmoja daktari wa mifugo aliyeandika hadithi za kale, mwanahistoria aliyetetea kwamba Misri ya kale ilikuwa ustaarabu wa Waafrika weusi, mshairi aliyefariki kijana katika ajali ya ndege, mwandishi wa riwaya kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda, na mtaalamu wa fasihi aliyeandika juu ya askari wa Senegal katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wote ni Diop, wote wana asili ya Senegal, wote wameandika kwa Kifaransa. Na wawili kati yao ni David Diop, herufi kwa herufi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kupanga orodha ya waandishi wa namna hii: mwanafunzi mwenye tasnifu, mwalimu anayetayarisha somo, mtunza maktaba ndogo, au msomaji asiyetaka kumvika mtu sifa za mwenzake. Mimi hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Mtu anaweza kumaliza miaka kumi akiandika kitabu kimoja. Kukihamishia kwa mwingine kwa kuwa hatukujali kusoma jina la kwanza ni kumdhulumu, hata kama hatukukusudia.

Vifaa ni vichache: daftari au jedwali la kompyuta, vitabu vyenyewe ukivipata, na intaneti kwa ajili ya katalogi za maktaba. Kazi yote inategemea utaratibu. Utaratibu wenyewe ni huu: jina kamili kwanza, miaka baadaye, mada mwisho. Watu wengi huanza na mada, na hapo ndipo wanapopotea.

1. Nakili jina kama lilivyo ndani ya kitabu

Usilichukue jina kwenye jalada. Jalada hupambwa, na mara nyingi huachwa jina la ukoo peke yake kwa herufi kubwa. Fungua ukurasa wa jina la kitabu, kisha geuza nyuma yake uone ukurasa wa hakimiliki. Hapo utakuta jina la mwandishi, mwaka, mchapishaji na ISBN, namba inayotambulisha toleo la kitabu. Mara nyingine hakimiliki imeandikwa kwa jina refu kuliko la jaladani, na urefu huo ndio unaoutafuta. Nakili kila kitu, pamoja na herufi za mwanzo, nukta na alama zilizo juu ya herufi.

Chukua riwaya za Kiswahili zilizotoka Zanzibar. Yupo Said Ahmed Mohamed, aliyeandika *Utengano*. Yupo Mohamed Suleiman Mohamed, aliyeandika *Kiu* na *Nyota ya Rehema*. Yupo pia Muhammed Said Abdulla, aliyemuumba mpelelezi Bwana Msa na kuanza na *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960. Said, Mohamed, Muhammed: majina yanazunguka palepale, na anayeandika "Mohamed" peke yake kwenye daftari lake hatajua baada ya mwezi mmoja alimaanisha nani. Angalia pia kwamba mmoja anaandikwa Mohamed na mwingine Muhammed. Usisawazishe tahajia ili orodha ipendeze. Tofauti hiyo ndogo ni sehemu ya utambulisho wa mtu.

2. Hakikisha kwamba hilo ni jina la ukoo

Si kila jina la mwisho ni la ukoo. Katika Ngũgĩ wa Thiong'o, Ngũgĩ ni jina lake mwenyewe na Thiong'o ni jina la baba yake, ndiyo maana katalogi nyingi humweka kwenye N. Watoto wake waandishi, wakiwemo Mũkoma wa Ngũgĩ na Wanjikũ wa Ngũgĩ, nao wanabeba jina la baba kwa utaratibu uleule. Ukiwapanga wote chini ya "Ngũgĩ" kana kwamba ni ukoo, andika kando kwamba kwa baba ni jina la kwanza na kwa watoto ni jina la baba. Mada zao nazo ziko mbalimbali: baba alishughulika sana na ukoloni, ardhi na lugha za Kiafrika, wakati Mũkoma na Wanjikũ wote wameandika riwaya za uhalifu.

Shaaban Robert naye asikupoteze. Robert lilikuwa jina la baba yake. Katalogi nyingine humweka kwenye R, nyingine kwenye S. Tafuta kote kuwili kabla ya kusema kitabu hakipo.

Waandishi wa Ethiopia kwa kawaida hawana jina la ukoo. La pili ni la baba. Kwa Kihispania majina ya ukoo huwa mawili, kwa hiyo Gabriel García Márquez anapangwa kwenye G. Wachina, Wajapani na Wahungari kwao hutanguliza la ukoo. Kwa kila jina geni, jiulize kwanza watu wa kwao wanaitanaje.

3. Weka miaka ya kuzaliwa na kufariki

Hii ndiyo njia ya wakutubi, na bado sijaona iliyo bora. Kwenye katalogi utaona jina likifuatwa na miaka, kwa mfano "Diop, David, 1927–1960". Hapo hapo unajua huyu ni mshairi wa *Coups de pilon*, diwani ya mwaka 1956, aliyezaliwa Bordeaux na kufariki ndege ilipoanguka baharini karibu na Dakar. Hawezi kuwa ndiye David Diop aliyeshinda Tuzo ya Kimataifa ya Booker mwaka 2021 kwa riwaya yake ya askari wa Senegal. Huyo alizaliwa Paris mwaka 1966, wakati mshairi ana miaka sita kaburini. Bila miaka, mtu angeweza kudhani mshairi kijana alizeeka akawa mwandishi wa riwaya, na hadithi hiyo ingesikika sawa kabisa.

Miaka hukuokoa pia kwa baba na mwana wenye jina lilelile. Alexandre Dumas wa *The Three Musketeers* aliishi 1802 hadi 1870, akaandika masimulizi ya panga na farasi. Mwanawe Alexandre Dumas, 1824 hadi 1895, aliandika juu ya mwanamke wa anasa wa Paris anayekufa kwa kifua kikuu, kisha akashika zaidi tamthilia za maadili ya jamii. Wafaransa huwatenganisha kwa kuongeza neno la "baba" na "mwana" mwishoni mwa jina. Kwenye kadi yako, yaani sehemu ya kila mwandishi katika daftari au jedwali lako, fanya hivyo na uweke miaka pia.

Akina Winston Churchill wawili wana kisa kinachostahili kujulikana. Mmarekani alizaliwa 1871, Mwingereza 1874, na mwaka 1899 wote walikuwa wanachapisha. Mwingereza ndiye aliyemwandikia mwenzake barua ya heshima, akapendekeza yeye mwenyewe atie saini Winston Spencer Churchill ili wasomaji wasichanganyikiwe. Mmarekani akakubali, akaeleza kwamba hana jina la kati, na kwamba angelikuwa nalo angelitumia. Vitabu vya Mwingereza, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu na kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1953, vikaendelea kutoka vikiwa na ile S. katikati. Kwa hiyo ukiona "Winston Churchill" bila S. kwenye riwaya ya kihistoria ya Marekani ya mwanzo wa karne ya 20, usimpe waziri mkuu. Mwingereza naye aliandika riwaya, moja tu, *Savrola*. Ungetumia kanuni ya "riwaya ni za Mmarekani, historia ni za Mwingereza", ungeikosea hiyo moja.

4. Sasa andika mada, na uandike zote

Mada ni ya kurekodiwa baada ya mtu kujulikana, isiwe njia ya kubahatisha ni nani. Sababu ni kwamba mtu mmoja huandika mambo mengi, na watu wawili huweza kuandika jambo moja.

Tazama jina la James. William James (1842–1910) alitoa mwaka 1890 kitabu kikubwa cha misingi ya saikolojia, akaandika pia falsafa na dini. Mdogo wake Henry James (1843–1916) aliandika riwaya, nyingi juu ya Wamarekani wanaoishi Ulaya. Baba yao, naye Henry James, aliandika masuala ya dini. Hao ni familia moja. Halafu wanakuja wasiohusiana nao: M. R. James, msomi wa miswada ya zama za kati anayekumbukwa zaidi kwa hadithi za mizuka; P. D. James, mwanamke aliyeandika riwaya za upelelezi za inspekta Dalgliesh; Marlon James wa Jamaika, aliyeshinda Booker mwaka 2015 kwa riwaya inayoanzia kwenye jaribio la kumuua Bob Marley.

Na yupo C. L. R. James wa Trinidad (1901–1989), ambaye ningependa kila msomaji wa Afrika amjue. Mwaka 1936 alitoa riwaya. Mwaka 1938 akatoa historia ya mapinduzi ya watumwa wa Haiti chini ya Toussaint Louverture, kitabu ambacho bado kinasomwa. Mwaka 1963 akatoa kitabu juu ya mchezo wa kriketi, ambamo kriketi, ukoloni na maisha yake mwenyewe vimesukwa pamoja. Kwenye maktaba inayofuata namba za Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa mada, vitabu hivyo vitatu viko kwenye rafu tatu zilizo mbali: fasihi kwenye 800, historia kwenye 900, michezo kwenye 790. Mtu asiyejua atasema hao ni akina James watatu. Kadi yenye mada zote tatu chini ya jina moja ndiyo inayomrudisha mtu huyu katika umoja wake.

Kwetu Afrika Mashariki mfano bora ni ukoo wa Mazrui wa Mombasa, na nitauonyesha kwa urefu kwa sababu majina yenyewe yanagongana. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki 1947, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Aliendesha gazeti la *Al-Islah* mjini Mombasa miaka ya 1930, akaandika mafundisho ya dini kwa Kiswahili na historia ya utawala wa ukoo wake kwa Kiarabu. Mwanawe ni Ali Al'amin Mazrui (1933–2014), mtaalamu wa siasa anayejulikana kwa kipindi chake cha televisheni cha mwaka 1986 kuhusu urithi wa aina tatu wa Afrika. Kisha yupo Alamin Mazrui wa ukoo huohuo, mwanaisimu na mwandishi wa Kiswahili, mwenye tamthilia ya *Kilio cha Haki* (1981) na diwani ya *Chembe cha Moyo* (1988).

Angalia mitego ilivyojipanga. Al-Amin yuko mara tatu: kama jina la baba mwanachuoni, kama jina la kati la mwanawe, na kama jina la kwanza la mwanaisimu. Ukifupisha "A. Mazrui", wote watatu wanaingia. Ukisema "fasihi ni ya Alamin, siasa ni ya Ali", utakwama kwa riwaya ambayo Ali aliitoa mwaka 1971 kuhusu kesi ya mshairi Christopher Okigbo huko ahera. Na ukisema "lugha ni ya Alamin", utakutana na vitabu walivyoandika wawili hao kwa pamoja, kimojawapo cha mwaka 1998 juu ya lugha na utawala katika maisha ya Waafrika. Kwenye jalada lake wanaonekana kama Ali A. Mazrui na Alamin M. Mazrui. Kila mmoja ameweka herufi ya kati, na herufi hizo hazikuwekwa kwa urembo.

Kadi ya mtu mmoja, ikiwa tayari, iwe hivi:

Mazrui, Alamin M.
Ukoo: Mazrui wa Mombasa. Asichanganywe na: Ali Al'amin Mazrui (1933–2014), Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (alifariki 1947).
Mada: isimu na siasa ya lugha; tamthilia ya wafanyakazi na haki; ushairi.
Lugha: Kiswahili, Kiingereza.
Kazi za pamoja: na Ali A. Mazrui.

Mstari wa "asichanganywe na" usiuruke kwenye kadi yoyote.

5. Uliza kama ni ndugu, na ni ndugu kwa njia gani

Usidhani undugu, wala usiukatae. Thomas Mann, aliyepata Nobel mwaka 1929, na Heinrich Mann walikuwa ndugu wa tumbo moja, wote waandishi wa riwaya. Klaus, mtoto wa Thomas, akaandika riwaya pia, na Golo, mtoto mwingine, akawa mwanahistoria wa Ujerumani. Lakini T. S. Eliot mshairi hana lolote na George Eliot, kwani huyo wa pili ni Mary Ann Evans aliyejipa jina la kiume la kuandikia.

Ndoa nayo huleta jina. Grace Ogot aliandika riwaya na hadithi fupi, kwa Kiingereza na Kijaluo. Mumewe Bethwell Ogot alikuwa mwanahistoria aliyefanya utafiti mkubwa wa masimulizi ya Wajaluo. Wote wawili walichota kwenye kisima kimoja cha mapokeo, mmoja kwa ubunifu, mwingine kwa utafiti. Hapo undugu unaeleza kitu, kwa hiyo uandike. Elspeth Huxley, aliyeandika juu ya utoto wake Kenya katika mashamba ya walowezi, aliupata u-Huxley kwa kuolewa na binamu wa mwandishi Aldous Huxley. Ukimpa urithi wa damu wa Thomas Henry Huxley, mtetezi wa nadharia ya mageuko, umekosea.

6. Tafuta mtu mmoja aliyejificha kwenye majina mawili

Hatua hii hurukwa mara nyingi, nayo ni kinyume cha zile nyingine: badala ya kutenganisha, unaunganisha. Said Ahmed Mohamed wa riwaya na ushairi ndiye huyohuyo Said A. M. Khamis wa makala za kitaaluma kuhusu fasihi na taarabu. Mwanafunzi anayemnukuu "Khamis" akihakiki fasihi ya Kiswahili anapaswa kujua kwamba mhakiki huyo ni mmoja wa watunzi wake wakubwa. Boubacar Boris Diop, yule wa riwaya ya Rwanda, alipoandika riwaya kwa Kiwolofu alitumia tahajia ya kwao: Bubakar Bóris Jóob. Kwenye orodha ya alfabeti amehama kutoka D hadi J.

Dada watatu Brontë walianza kuchapa mwaka 1846 kama Currer, Ellis na Acton Bell. Wakaficha jina lao la ukoo, lakini wakabaki na ukoo mmoja wa kubuni. Kadi ya Bell iwepo, ikiwa na mstari mmoja tu: "tazama Brontë".

7. Thibitisha kwa namba

Tafuta jina kwenye VIAF, inayokusanya pamoja rekodi za majina kutoka maktaba za taifa za nchi mbalimbali. Huko utaona tahajia zote za mtu mmoja zimewekwa pamoja, na kila mtu ana namba yake. Namba ya ISNI ina tarakimu 16 na hutolewa kwa waandishi, wanamuziki na wabunifu wengine. Watafiti walio hai wengi wana namba ya ORCID, iliyoanza mwaka 2012. Iandike namba kwenye kadi. Ndiyo itakayokusaidia siku utakapokuta jina lilelile na mwaka uleule.

Usiiamini hata hivyo kwa upofu. Rekodi hizi mara nyingine huunganishwa na mashine, na watu wawili huweza kubandikwa pamoja. Kama kitabu kilichotoka karibuni kimewekwa chini ya mtu aliyefariki zamani, rudi kwenye ukurasa wa hakimiliki uangalie. Huenda ni toleo jipya la kitabu cha kale, au huenda mtu si yeye. Kuhusu ISBN, kumbuka inatambulisha toleo la kitabu, si mwandishi. Kitabu kimoja huweza kuwa na ISBN nyingi.

8. Andika rejea zisizochanganya

Ndani ya matini, unapowanukuu waandishi wawili wa jina moja la ukoo, weka herufi za mwanzo kila mara, hata kama miaka ya vitabu inatofautiana. Mitindo ya kuandika rejea ya APA na MLA yote inataka hivyo. Andika "S. A. Mohamed (1980)" na "M. S. Mohamed (1976)". Herufi za mwanzo zikifanana nazo, andika jina la kwanza lote. Kwa akina David Diop wawili hata hilo halitoshi: mtaje mmoja kama mshairi na mwingine kama mwandishi wa riwaya mara ya kwanza unapowataja, na ukiruhusiwa, ongeza miaka.

Katika orodha ya mwisho, panga wenye jina moja la ukoo kwa herufi za majina yao ya kwanza, kisha kazi za kila mmoja kwa mwaka. Mwandishi mmoja akiwa na kazi mbili za mwaka mmoja, tofautisha kwa a na b baada ya mwaka. Alama hizo ni za kazi za mtu yuleyule. Usizitumie kutenganisha watu wawili.

Kadi za waandishi walio hai ziandikwe tarehe ya mwisho ulipozikagua, na mstari wa mada uachiwe nafasi.